Toleo la Asubuhi

Kambini, Jumapili 3 Februari

Dada yangu,

Nimefika salama, mgongo ndio bado uko njiani. Simu hapa ni ile ile: ukipiga utanisikia kama niko ndani ya pipa, halafu inakata. Maandishi ndiyo yanayopita, tena alfajiri tu, kabla mainjinia wa bwawa hawajaamka na kuumaliza mtandao wote kwa michoro yao. Basi tuandikiane.

Nakuwekea hapa maelezo ya ile programu inayoitwa "wiki" niliyomfungia Baba kwenye kompyuta. Najua nilikueleza, lakini siku ile ulikuwa umesimama mlangoni na nguo za kufua mkononi, unaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Neno lenyewe lisikutishe. Ni kurasa tu zinazoshikana mikono. Ukurasa wa kwanza unaitwa "Anza hapa". Humo kuna maneno ya buluu: Nyumba, Dawa, Watoto, Kazi yangu, Mama. Baba akibonyeza "Watoto", anakutana na picha yako na yangu, na chini yake imeandikwa wewe ni nani, unasaga vioo vya miwani dukani, unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi. Akibonyeza "Nyumba", anaambiwa choo ni mlango wa pili na bomba la jikoni linafunguka kwa kuzungushwa kushoto. Kila anachokuuliza mara mia kwa siku, kiandike humo.

Ukitaka kubadilisha kitu, bonyeza "Hariri", andika, bonyeza "Hifadhi". Na hapa ndipo penye uzuri wake: hakuna kinachopotea. Kila mtu anapohifadhi, lile toleo la zamani linawekwa chini, na jipya linakaa juu. Baba akifuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya, unaingia kwenye "Historia", unachagua toleo la jana, unalirudisha. Kompyuta itakuomba sentensi moja ya kueleza umebadilisha nini. Andika chochote. Wote tunatumia jina moja, "Nyumbani", ili Baba asisumbuliwe na nywila.

Mimi huku nina nakala yangu. Kila alfajiri mtandao ukifunguka, nakala ya huku na ya huko zinapatana zenyewe. Yaani ukiandika kitu leo jioni, mimi nakisoma kesho kabla ya zamu.

Ujue kwa nini nimechagua hivi. Baba amekula mkate wa gazeti akiwa msahihishaji maisha yake yote. La mdomoni halimkai, wala yeye haliamini. La kuandikwa analisoma na kalamu mkononi. Daktari anasema kumbukumbu haitarudi. Sawa, basi tumwekee ya pembeni.

Pole kwa kukuachia mzigo. Nakutumia salamu za mtu aliyelala saa tatu tu.

Mdogo wako,
Waya

*

Nyumbani, Jumatano 20 Februari

Waya,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nikikaa, nalala. Hata sasa nakuandikia nimesimama, kompyuta iko juu ya kabati la vyombo.

Kitu chako kinafanya kazi. Sikutegemea, nakiri. Wiki ya kwanza Baba alikizunguka kama paka anayezunguka beseni la maji. Halafu asubuhi moja nikamkuta amevaa miwani, amekunja mikono ya shati, anasoma. Akaniambia, "Aliyeandika hapa anapenda sana mikato." Ni wewe huyo. Ameiondoa yote. Kwenye ile sentensi ya maelezo ameandika "Marekebisho", basi, kama alivyokuwa akiandika pembeni mwa karatasi za gazeti. Sasa kila siku, akishakunywa chai, anaketi mezani na kusoma toleo la asubuhi. Ndivyo anavyoliita. Anasoma kurasa zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na akimaliza anajua yuko wapi, mimi ni nani, na wewe uko bwawani unavuta nyaya ndani ya mlima. Mpaka mchana anakuwa mtu. Baadaye kumbukumbu inaanza kumtoka kidogo kidogo, lakini asubuhi nzima si haba.

Mama Pacha wa jirani anakuja kukaa naye ninapokuwa dukani. Analeta na wale mapacha wake, nyumba inakuwa soko, lakini Baba hawachukii. Bosi amenipunguzia saa. Wiki iliyopita nilivunja kioo cha mteja, nilisinzia nikiwa kwenye mashine. Alinitazama tu, na hiyo ilinitosha.

Ukurasa wa Mama aliusoma akakaa kimya kidogo. Kisha akaendelea.

Usijali sana. Kula.

Dada yako

*

Kambini, Jumamosi 2 Machi

Dada,

Barua yako imenifanya nicheke peke yangu kitandani mpaka jamaa wa kitanda cha juu akaniuliza kama nina homa. Mikato yangu imefukuzwa kazi na mwenyewe. Sawa.

Nafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Siku ile baada ya mazishi ya Mama, tulipokubaliana pale jikoni kwamba Baba asidanganywe hata kama atasahau, niliona kama tumejitwisha kitu tusichokiweza. Kumbe inawezekana. Mtu akipewa habari zilizo sahihi anasimama mwenyewe.

Mimi nazisoma kurasa kila alfajiri, ndiyo chai yangu. Kuna makosa madogo madogo Baba anayaacha, anafuta pasipotakiwa kufutwa, ni kawaida. Nayanyoosha hapo hapo kabla sijaingia zamu. Hiyo kazi niachie mimi, wewe unazo za kutosha. Ni kidogo ninachoweza kufanya nikiwa mbali hivi.

Tumeingia ndani zaidi ya mlima. Joto la huko linakausha ulimi. Nikitoka nalala na viatu.

Waya

*

Nyumbani, Jumatatu 18 Machi

Waya,

Nina swali la kompyuta. Kitu kikifutwa kwa makusudi, kinaweza kujirudisha chenyewe? Nakumbuka ulisema hakuna kinachopotea. Ulikuwa na maana hiyo?

Baba hajambo. Asubuhi ndiyo ngumu kidogo. Mimi pia sijambo, ila macho. Mteja mmoja ameniambia, mtengeneza miwani mwenyewe unahitaji miwani. Nikamwambia ninachohitaji ni kitanda.

Nijibu ukipata nafasi.

Dada yako

*

Kambini, Jumatano 20 Machi

Dada,

Najibu haraka, nimetoka zamu ya usiku na alfajiri inakimbia.

Hapana, hakijirudishi. Ni programu, haina mkono. Kitu kikirudi, ujue kuna mtu ameingia kwenye Historia akachagua toleo la nyuma akalirudisha. Ni hatua tatu nne, na zinataka akili. Kama Baba anaweza kufanya hivyo peke yake, basi yuko mzima kuliko daktari anavyodhani, na mimi ningefurahi sana.

Lala, tafadhali. Mwachie Mama Pacha hata Jumamosi moja.

Waya

*

Nyumbani, Ijumaa 29 Machi

Waya,

Ahsante kwa jibu. Umenifungua macho. Baba anajiandikia mwenyewe mambo ambayo sikujua kama anayakumbuka. Sijui anayaandika saa ngapi. Labda mimi nikiwa nimelala. Anajitafutia, na anataka kujua, hata kama kujua kunamuumiza. Nilikuwa namzuia na sikuwa na haki hiyo. Nimeacha.

Nimechoka sana kuandika zaidi.

Dada yako

*

Nyumbani kwa baba yako, Alhamisi 11 Aprili

Kwa Waya,

Salamu. Mimi ni Mama Pacha, jirani. Dada yako yuko hospitali na mzee, ameniomba nikuandikie kwenye hii mashine yenu na kanielekeza pa kubonyeza. Kama nimekosea utanisamehe.

Mzee ameanguka. Yu hai, usishtuke. Mkono wa kulia umevunjika hapa kwenye kifundo na paji limechanika, wamemshona.

Ilikuwa hivi. Dada yako alikwenda kazini kama kawaida. Mimi nilikuja, mzee yuko mezani anasoma. Watoto wangu wakapigana huko nje, nikatoka kuwaamua. Si muda mrefu. Kurudi, mzee hayupo, na kabati liko wazi. Nikatoka mbio. Nimemkuta chini, kwenye zile ngazi za kupandia makaburini, watu wamemzunguka. Amevaa suti, ile nyeusi, na tai ameifunga vizuri kabisa. Damu inamtoka, lakini yeye hana habari nayo. Alikuwa ananivuta nguo anasema, "Mama, nisaidie kuinuka, nachelewa. Mke wangu anazikwa leo saa kumi na mimi sijafika."

Nilimwambia mzee, si leo. Akasema imeandikwa.

Nimekueleza yote kwa sababu nadhani dada yako hatakueleza. Yeye ni mtu wa kusema sijambo. Si mzima, Waya. Anatembea amelala. Juzi nimemkuta amekaa chini bafuni, bomba linamwagika, yeye anaangalia maji.

Watoto nimewachapa, ijapokuwa kosa lilikuwa langu.

Mama Pacha

*

Kambini, Ijumaa 12 Aprili

Dada,

Nimeipata barua ya Mama Pacha alfajiri hii. Niambie anaendeleaje. Niambie na wewe unaendeleaje.

Na kosa ni langu. Siku chache zilizopita niliongeza kwenye ukurasa wa Mama siku na mahali alipozikwa, nikidhani Baba akijua hata kaburi liko wapi roho yake itatulia. Nikaandika "Alizikwa Alhamisi, saa kumi jioni, makaburi ya juu." Mwaka sikuweka. Mtu aliyeishi gazetini akisoma Alhamisi asubuhi, na leo ni Alhamisi, atafikiri nini? Nimeshausahihisha ukurasa sasa hivi, nimeweka mwaka. Haitatokea tena.

Ukihitaji chochote kingine kirekebishwe, niambie.

Waya

*

Nyumbani, Jumapili 14 Aprili

Waya,

Baba amelala. Mkono wamemfunga plasta, anaishangaa kila akiamka. Nitakuandikia mpaka nimalize, hata kama itakuwa ndefu. Usinikatize, maana huwezi.

Jana alfajiri nilirudi kutoka hospitali kuchukua nguo zake. Kabla ya hapo, Alhamisi usiku, nilikuwa nimepita nyumbani na kitu cha kwanza nilichofanya, hata viatu sijavua, ni kufungua ukurasa wa Mama. Niliufuta ule mstari. Nikaandika, "Mama ametoka kidogo, atarudi." Nikahifadhi. Jana nafungua tena, kompyuta imegoma. Inasema nakala mbili zimegongana kwenye mstari mmoja, nichague ipi ibaki. Ikaniwekea zote mbili, moja juu ya nyingine. Juu imeandika "ya hapa": Mama ametoka kidogo, atarudi. Chini imeandika "ya kambini": Mama alifariki, alizikwa Alhamisi, na mwaka.

Ya kambini.

Nilisoma neno hilo mpaka kukapambazuka. Halafu ndiyo nikaisoma barua yako, unavyosema umerekebisha.

Kumbe ni wewe. Tangu Februari ni wewe.

Sasa na mimi nikueleze nilichokuficha. Nilikuandikia kwamba Baba alisoma ukurasa wa Mama akakaa kimya kidogo. Haikuwa hivyo. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Lini?" Nikamwambia. Akasema, "Mbona hakuna aliyeniita?" Kisha akalia, Waya, kilio cha mtu aliyepewa habari hiyo mlangoni. Alilia mpaka akatapika. Mchana alikuwa ameshasahau kwa nini macho yamevimba. Kesho yake akaketi na chai yake, akasoma toleo la asubuhi, akavua miwani, akaniuliza, "Lini?"

Siku ya tatu niliufuta ule mstari unaosema Mama alifariki. Sikukwambia kwa sababu ya lile neno letu la jikoni. Niliona haya. Nilijisemea, Waya yuko ndani ya mlima anatoa jasho, anaamini kuna kitu kimoja tumekifanya sawa, mimi nimvunjie? Nikafuta bila kuandika maelezo. Baba akasoma, akapita. Siku hiyo aliimba akinyoa ndevu.

Kesho yake mstari ukarudi.

Nikafuta. Ukarudi. Nikiufuta jioni, asubuhi uko pale pale, na kwenye Historia imeandikwa "Marekebisho", neno lake Baba. Nilidhani nachanganyikiwa. Nilifikiri nimesahau kuhifadhi. Nilifikiri na mimi ugonjwa umenianza. Nikakuuliza wewe kama kitu kinaweza kujirudisha, na ukanijibu kwamba kuna mtu anarudisha, na kama ni Baba ungefurahi.

Nikaamini ni Baba. Nikamwona akiamka usiku, akivaa miwani, akijiandikia kifo cha mke wake ili asikisahau. Nilimheshimu kwa hilo. Nikaacha kufuta. Mara yakaongezeka maneno ya mazishi, nikasema, loo, hata kaburi analikumbuka. Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa namletea chai, nakaa pembeni yake, nasubiri afike kwenye ukurasa wa Mama. Nilimshika bega akisoma. Kila siku. Nilidhani ndiyo anachotaka.

Sijui nikulaumu kwa lipi. Ulikuwa unanyoosha makosa, na mimi sikukwambia kwamba lile si kosa. Lakini nimechoka na watu wanaorekebisha. Kwenye barua yako ya Ijumaa umeniuliza kama kuna kingine cha kurekebisha. Baba yako ana nyuzi kwenye paji, na wewe umeweka mwaka.

Nimemaliza. Kompyuta bado inasubiri nichague. Sijachagua.

Dada yako

*

Kambini, Jumatatu 15 Aprili

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nimeegemea gari la mchanga, nikaenda zamu, nikarudi, nikaisoma tena.

Ni kweli ni mimi. Kila alfajiri nilikuta mstari umefutwa, bila maelezo, nikasema Baba kabonyeza vibaya. Nikaurudisha na kuandika "Marekebisho" kwa kumtania, kwa kuwa wewe ulinisimulia ndivyo anavyoandika. Niliona raha. Nilijiona nipo nyumbani, nafanya kazi naye bega kwa bega. Nikimaliza nafunga kompyuta, naingia mlimani, na wewe huko unapika chai.

Uliponiuliza, nilikujibu kama fundi. Sikukuuliza kwa nini unauliza. Kwa hilo najilaumu.

Nataka nikwambie na kitu kingine, si cha kujitetea. Mama alipofariki nilikaa nyumbani siku chache nikarudi kambini. Mlisema nina roho ngumu, au hamkusema lakini niliwaona. Sikulia pale. Sijalia hata huku. Lile neno la jikoni, kwamba Baba asidanganywe, mimi ndiye niliyelitoa, wewe uliitikia tu kwa kuwa ulikuwa umechoka. Nadhani nilitaka awepo mtu mmoja wa kubeba habari hiyo kila siku, na asiwe mimi.

Chagua wewe ipi ibaki. Mimi nakala yangu nimeifunga, sitagusa tena hata nukta.

Waya

*

Nyumbani, Jumatano 17 Aprili

Waya,

Nimechagua. Haikubaki yako wala yangu. Nimerudi nyuma kwenye Historia mpaka toleo la kwanza kabisa, lile Baba aliloandika mwenyewe siku uliyokuwa unamfundisha, kabla wewe hujaongeza ule mstari. Kumbe kulikuwa na maneno mazuri na sisi tuliyafunika. Ameandika kwamba alimsikia Mama kwenye simu mwezi mzima kabla ya kumwona, yeye chini kwenye chumba cha usahihishaji, Mama juu kwenye ubao wa kuunganisha simu, na kwamba alikuwa akipiga kuuliza tahajia ya maneno anayoyajua ili tu amsikie akisema "subiri kidogo". Basi. Hakuna alipo, hakuna lini. Baba ameusoma leo, akatabasamu, akaenda ukurasa wa Dawa.

Akiniuliza yuko wapi, sijui nitamjibu nini. Siku nyingine nitasema hili, siku nyingine lile. Sitamwandikia.

Barua yako nimeisoma. Sina nguvu ya kukasirika kwa muda mrefu, nguvu zenyewe ziko wapi. Ila usinitumie tena kitu cha kunirahisishia kazi. Sitaki programu, sitaki kurasa. Omba likizo, uje ukae na baba yako, mimi niende kwa shangazi nikalale. Hiyo tu.

Dada yako

*

Nyumbani, Jumamosi 11 Mei

Dada yangu,

Shangazi ameniandikia kwamba tangu ufike unaamka kula na kurudi kitandani, na amewakataza watu wote kukugusa. Mwambie nimemshukuru. Kwa hiyo sijui utaisoma lini barua hii, wala haina haraka.

Baba hajambo, na safari hii ninaposema hajambo nina maana hiyo. Plasta itatolewa wiki ijayo. Anaandika kwa mkono wa kushoto na anachukia mwandiko wake. Mimi nimeunguza sufuria mbili, Mama Pacha amenipiga marufuku kugusa ya tatu. Usiku wa kwanza Baba aliamka akaniuliza mimi ni nani na nafanya nini nyumbani kwake, na alikuwa ameshika fimbo ya pazia. Nikasema mimi ni Waya. Akasema Waya yuko bwawani, imeandikwa. Ilibidi nibadilishe ukurasa saa hizo hizo ndipo akaniachia nipite chooni. Nimeelewa mambo mengi usiku ule. Wewe umeishi humu peke yako, mimi nikikutumia salamu.

Jana mchana nilikuwa natafuta bendeji kwenye droo ya chumbani kwao. Chini kabisa nimekuta miwani ya Mama, ile uliyomtengenezea wewe, ya fremu ya kahawia. Imekunjwa ndani ya leso yake. Kioo kimoja bado kina alama ya kidole. Nilikaa kitandani nikiwa nimeishika. Sikujua kama nalia mpaka mlango ulipofunguka.

Baba alisimama pale akanitazama. Hakunijua, niliona machoni. Mchana ulikuwa umekwisha kwenda, saa ile kumbukumbu inapomtoka. Nikajiandaa kwa ugomvi. Lakini alisema polepole, "Umefiwa, kijana?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Na nani?"

"Mama yangu."

"Pole," akasema. "Pole sana. Lini?"

Nikamwambia mwaka juzi. Akafikiri. "Mwaka juzi si zamani," akasema, akaja akakaa karibu yangu, kitanda kikalalamika. Aliweka ule mkono wenye plasta kwenye goti langu, mzito kama tofali. Akaniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani.

Nikamweleza, Dada. Sijawahi kumweleza mtu. Nilimwambia alivyokuwa akituita chakulani kwa sauti ile ile ya kazini, kama anaunganisha simu. Nilimwambia alivyokuwa akiweka funguo ndani ya kikombe kisha anatafuta nyumba nzima. Nilimwambia kwamba alipokuwa mgonjwa alinipigia kambini, sauti ikakatika, nikasema nitampigia baadaye. Sikupiga. Baba alinisikiliza bila kunikatiza. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, na yeye alinipapasa mgongoni kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa tukiugua kikohozi.

Niliponyamaza, aliichukua ile miwani mkononi mwangu akaitazama, akaigeuza, akaipangusa kwa shati lake mpaka ile alama ya kidole ikatoka. Sikuwahi kumzuia. Akanirudishia.

"Mke wangu naye alikuwa opereta wa simu," akasema.

Alisema "alikuwa". Nilimtazama. Nilisubiri ajisahihishe, na nilikuwa tayari kukubali vyovyote atakavyosema. Hakujisahihisha. Alikaa na mimi pale mpaka nikatulia, kisha akaniuliza kama nimekula.

Usirudi Jumapili ya tarehe 19. Nimeomba siku zaidi na wamenipa. Lala, Dada.

Waya